Kutofautisha maneno ya Kiingereza yenye matamshi sawa

Aliyezoea Kiswahili, ambacho huandikwa kama kinavyotamkwa, huliamini sikio lake anapoandika, na hapo ndipo Kiingereza kinapomponza. Programu ya kusahihisha tahajia nayo mara nyingi haimwokoi, kwa kuwa "their" na "there" yote ni maneno halali. Kosa ni mahali lilipowekwa neno. Ni afadhali kutafuta alama ndani ya neno lenyewe: "there" la mahali limebeba "here", yaani hapa, na "hear" la kusikia limebeba "ear", yaani sikio.

Kwa "its" na "it's", ambayo huwatatiza hata Waingereza wenyewe, soma sentensi ukiweka "it is" au "it has" mahali pa neno hilo. Maana ikisimama, andika ritifaa, yaani alama ya ('), na ikivurugika, iondoe, kwa sababu "its" la umiliki halichukui ritifaa kamwe, kama vile "his" na "hers" yasivyoichukua. "Stationery" la vifaa vya kuandikia lina herufi e kabla ya r, kama "paper". "Stationary", yaani kilichosimama, lina a mahali hapo. Jozi ya "principal" na "principle" ni ngumu zaidi: la kwanza ni mkuu, awe mtu au jambo, ilhali la pili ni kanuni tu.