Mastermind katika City of Villains: jinsi ya kuongoza genge bila kufa wewe

City of Villains, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni ambao unacheza kama mhalifu, ilitoka Oktoba 2005, ikafungwa pamoja na City of Heroes, mchezo wa upande wa mashujaa, mwishoni mwa Novemba 2012. Leo inachezwa bure kwenye seva za Homecoming, ambazo NCSoft, kampuni inayoumiliki mchezo huu, ilizipa leseni rasmi Januari 2024. Wahalifu wanaishi Rogue Isles, visiwa vilivyo mikononi mwa Lord Recluse na jeshi lake la Arachnos, na mhalifu mpya huanzia Mercy Island.

Aina za asili za wahusika wa upande huu ni tano. Brute hupiga na kupigwa, na kadiri vurugu inavyozidi ndivyo hasira yake, yaani Fury, inavyopanda na kipigo chake kukua. Stalker hujificha kisha huvizia. Corruptor hummaliza adui aliyekwisha kudhoofika, na Dominator huwafunga watu wasisogee. Ya tano ni Mastermind, na hiyo ndiyo tunayoipendekeza. Upande wa wahalifu una watu wachache kuliko wa mashujaa, kwa hiyo mara nyingi utacheza peke yako, na Mastermind anatembea na timu yake mwenyewe.

Kwa anayeanza, chagua Robotics (roboti) kama kundi la kwanza la nguvu na Force Field (ngao) kama la pili. Ninjas, genge jingine unaloweza kuchagua, wanavutia, lakini hukimbilia kupigana ana kwa ana, hutawanyika na hufa haraka. Roboti hupiga risasi kutoka mbali, kwa hiyo hubaki karibu nawe, na kubaki karibu ndiko kunakowafaidisha na Dispersion Bubble, kiputo cha kinga kinachokuzunguka wewe. Mwishowe utakuwa na roboti sita: Battle Drones tatu ndogo, Protector Bots mbili zinazowawekea wenzao ngao, na Assault Bot moja kubwa. Hazitoki zote siku ya kwanza. Huongezeka kadiri levo zinavyopanda.

Sasa jambo ambalo wengi hawalielewi hadi wamekufa mara nyingi. Roboti zikiwa katika msimamo wa Defensive (kujilinda) na amri ya Follow (kukufuata), nazo zikiwa ndani ya futi 60 kutoka ulipo (kama mita 18), zinakuwa walinzi wako. Pigo linalokupata hugawanywa: wewe unachukua mafungu mawili, kila roboti fungu moja. Ukiwa na sita, mafungu ni manane, na wewe unabeba robo tu. Zikibaki tatu, unabeba asilimia 40. Ukiziamuru zote zishambulie, ulinzi umekwisha na pigo zima ni lako. Hapo ndipo Mastermind wengi wanapoangukia: wanaona bosi amebakiza uhai kidogo, wanatuma genge zima, na bosi anageuka na kuwapiga wao.

Usitegemee vitufe vya kwenye skrini, ni vya polepole. Andika amri hizi mara moja kwenye sehemu ya gumzo, mstari mmoja mmoja:

/bind numpad1 "petcom_all follow defensive"
/bind numpad2 "petcom_all attack defensive"
/bind numpad3 "petcom_pow battle attack defensive"

Ya kwanza ni ya kurudisha ulinzi, na kidole kiizoee kuliko zote. Ya tatu hutuma zile tatu ndogo peke yake, huku tatu kubwa zikiendelea kukulinda. Anza karibu kila pambano gumu nayo. Mlenge adui kwanza, maana amri ya kushambulia humfuata uliyemlenga. Msimamo wa Aggressive (kushambulia kila adui anayeonekana) uache kabisa ndani ya majengo: roboti itaona kundi la pili kwenye kona, italifuata, na utajikuta unapigana na makundi mawili.

Kwenye maboresho, yaani vitu unavyopachika kwenye nguvu zako kuziimarisha, anza na usahihi wa shabaha. Roboti ndogo zina levo ya chini kuliko yako, kwa hiyo hukosa sana. Baada ya hapo ongeza kipigo, lakini usirundike zaidi ya matatu ya aina moja kwenye nguvu moja, kwani la nne halizidishi karibu chochote. Roboti ikifa na ukaiita nyingine, ile mpya hutoka bila silaha za ziada. Ipe tena kabla ya kusonga. Lifti nazo ni mtego. Ukifika ghorofa nyingine, subiri uwaone wote sita ndipo ufungue mlango unaofuata.

Kwa kazi za haraka, mtafute dalali (Broker), mhusika wa mchezo anayegawa kazi, kwenye kisiwa ulichopo, kisha fanya misheni za gazetini hadi akupe kazi ya kuvunja benki. Huko saa inahesabu kurudi nyuma, na kila unachovunja barabarani, magari hata mapipa ya taka, huongeza muda. Vunja kwanza vilivyo njiani, usiende mbali kuvitafuta, ndipo uingie benki. Kabla ya kutoka na fedha, rudisha genge kwenye ulinzi, kwa sababu shujaa wa mji atakuja. Akikushinda utaamkia mahabusu na utalazimika kuvunja njia ya kutokea huku saa ikiendelea kukimbia.

Ugumu wa misheni unaupanga mwenyewe. Anza na maadui wa levo yako, kwa idadi iliyopangwa kwa mchezaji mmoja. Ukishazoea, ongeza idadi kabla ya levo: makundi makubwa ya maadui dhaifu yanafaa roboti zinazolipua eneo zima, wakati adui wa levo mbili juu yako huzikwepa zile ndogo tatu mara nyingi.