SOMO: Kununua gitaa la besi la zamani kama akiba, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Habari za muda huu wadau. Naandika mara moja na kwa kirefu ili nikiulizwa tena niwe nawaleta watu hapa. Maswali ninayoletewa ni yaleyale: "Mkuu, kuna besi ya zamani inauzwa huku Masasi, ninunue?" Picha hakuna, jina hakuna, mwaka hakuna. Hata mganga huanza kwa kukuuliza jina la mama.

Tuelewane kwanza. Besi haiwi mali kwa sababu imezeeka. Zinazopanda bei ni chache, nazo zinapanda kwa mambo mawili: ni aina inayotafutwa duniani, na bado iko vilevile ilivyotoka kiwandani. Utamu wa sauti ni habari ya jukwaani. Mnunuzi wa akiba anauliza habari za skrubu.

Hatua ya 1: Hela. Iwe hela unayoweza kuisahau miaka kadhaa. Hela ya salfa, ya ada au ya kupaua, hapana.

Hatua ya 2: Zijue zinazotafutwa. Kwa Fender, kampuni ya Marekani, besi ya Precision Bass ilitoka 1951, Jazz Bass ikafuata 1960. Januari 1965 Leo Fender, mwanzilishi, aliuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji la Marekani, na wakusanyaji wamelichukua tukio hilo kama mpaka: kuna za kabla na kuna za baada. Jazz Bass kamili ya kabla ya hapo inauzwa zaidi ya dola 10,000. Za miaka ya 70 ni chini sana ya hapo, ingawa nazo zina wapenzi wake. Nje ya Fender kuna Höfner 500/1 yenye umbo la fidla (1956), Rickenbacker 4001 (1961), Gibson Thunderbird (1963) na Music Man StingRay (1976). Mtu wa kipato chetu ningemwambia aanzie kwenye Fender zilizotengenezwa Japani kati ya 1982 na 1984, zile ambazo namba yake inaanza na JV. Zilitengenezwa vizuri, zinajulikana, na bei yake haihitaji uuze shamba la mikorosho.

Hatua ya 3: Bei. Usiangalie bei wanayoomba wauzaji, angalia bei ambayo watu wamelipa kweli. Kwenye Reverb, soko la mtandaoni la vyombo vya muziki, unaweza kuona bei za vilivyokwisha kuuzwa.

Hatua ya 4: Mwenye mali. Hili ni la kwetu, hulikuti kwenye miongozo ya Wazungu. Bendi zetu nyingi za dansi zilikuwa chini ya mashirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilikuwa ya DDC (Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam), Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, mwanamuziki alikuwa anavipiga tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii aliiacha marehemu baba, alipiga bendi ya shirika fulani", mpe pole, kisha uliza baba aliipataje. Aliuziwa vyombo vilipogawanywa? Alilipwa nayo badala ya mishahara? Kuna karatasi? Kama karatasi haipo, muandikishane mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa, na ndugu wengine wa marehemu wawe wanajua. Besi yenye kesi ya mirathi haiuziki.

Hatua ya 5: Shingo. Ichungulie kutoka kichwani kwenda kwenye bodi (kiwiliwili cha gitaa) kama fundi anavyochungulia ubao. Iliyopinda kidogo kwa mbele inarekebishika kwa chuma kilichomo ndani. Iliyojisokota, iache na uage vizuri.

Hatua ya 6: Mwaka. Kwa Fender za zamani, namba ya kwenye kibati cha nyuma, pale shingo inapofungwa, haitoshi. Kiwandani hawakuvifunga vibati kwa mpangilio, kwa hiyo namba za mwaka mmoja zinaingiliana na za mwingine. Halafu kibati kimeshikwa na skrubu nne tu, na kukihamishia kwenye gitaa jingine ni kazi ya dakika tano. Ushahidi wa maana uko ndani. Mwishoni mwa shingo, pale inapoingia kwenye bodi, Fender waliandika tarehe kwa penseli, na kuanzia 1962 wakawa wanapiga muhuri. Mgongoni mwa poti ya volyumu (kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha kuzungusha sauti) kuna tarakimu: 137 ni mtengenezaji CTS, 304 ni mtengenezaji Stackpole, zinazofuata ni mwaka na wiki. Mfano 1376633 ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 33. Tarakimu hizo zinakwambia besi haikuundwa kabla ya wiki hiyo, basi. Fender walinunua shehena kubwa ya poti mwaka 1966 wakazitumia miaka kadhaa, kwa hiyo besi ya 1968 kukutwa na poti ya 1966 ni kawaida. Poti ya 1972 kwenye besi "ya 1964" maana yake kuna mtu alishaingia humo. Tazama na lehemu pia: ya zamani imefifia rangi, ya juzi inang'aa.

Kufungua shingo unaomba ruhusa kwanza. Legeza nyuzi, tumia bisibisi ya mkono, na wakati wa kurudisha zungusha skrubu kinyume taratibu mpaka uisikie imeingia kwenye njia yake, ndipo ukaze. Ukimkuta fundi ameshika drili, mnyang'anye.

Hatua ya 7: Rangi. Hapa msome polepole, maana ndipo hela zinapozama. Besi iliyopakwa rangi upya inapoteza karibu nusu ya thamani hata kama mpakaji alikuwa na mkono wa dhahabu. Na aliyepaka miaka 40 iliyopita kwa nia njema amekuachia rangi ambayo nayo sasa imechakaa, imebanduka, ina alama za mkanda, ukiitazama juujuu utaapa ni ya kiwandani. Kwa hiyo macho peke yake usiyaamini. Fungua plastiki ya mbele. Rangi ya chini yake iwe ni ileile ya juu, tofauti iwe kwamba ya juu imepigwa na jua. Kwenye Fender za mpaka kama 1964 tafuta matundu madogo ya misumari, kwa sababu bodi zilikuwa zinainuliwa juu ya misumari wakati wa kupakwa, na misumari ikitolewa tundu linabaki na mbao tupu. Tundu lililojaa rangi ni ushahidi kwamba rangi imekuja baadaye. Usipoyaona matundu kabisa kwenye besi inayodaiwa kuwa ya 1961, hapo pia simama.

Kisha tafuta taa ya kukagulia noti, ile wanayokuwa nayo baadhi ya mawakala wa pesa, na uingie chumba chenye giza. Vanishi ya nitroselulosi (ile ya kiwandani enzi hizo) iliyozeeka inang'aa kijani-njano, na inang'aa sawasawa bodi nzima. Sehemu iliyorekebishwa inaonekana kama kiraka cheusi au zambarau. Nyufa nyembamba kama nywele ni kawaida kwa vanishi hiyo, lakini zikiwa zimenyooka na kufuatana kama mistari ya daftari, kuna mtu kazichora.

ONYO: msikague rangi juani wala kwenye taa za baa. Msitoe advansi kabla plastiki ya mbele haijafunguliwa. Muuzaji anayewahi basi la Dar ni wa kumwacha apande basi lake.

Hatua ya 8: Ukishanunua, usiguse. Usipige polishi, usibadili funguo za kukazia nyuzi, usinyooshe kilichopinda kwa urembo. Kikiharibika kitu ukalazimika kubadili, cha zamani kiweke kwenye mfuko ndani ya kasha. Vile vikorokoro vina bei yake.

Hatua ya 9: Kutunza. Magitaa yanapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Shangani, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa hewa yetu inapita hapo karibu mwaka mzima, tena ina chumvi. Nunua kipima unyevu kidogo, weka vifuko vya kunyonya maji ndani ya kasha, na uvikaushe au uvibadilishe vikishashiba. Kasha lisikae sakafuni (mchwa) wala kuegemezwa ukuta unaopigwa na jua. Kila baada ya wiki chache litoe gitaa, lifute kwa kitambaa kikavu, lipigwe kidogo.

Hatua ya 10: Kuuza. Mnunuzi wa bei kubwa hayuko Mtwara, na mara nyingi hayuko Tanzania. Ondoa gharama za usafiri na bima mapema kwenye hesabu zako. Na ujue kwamba Fender nyingi za mwanzo wa miaka ya 60 zina ubao wa vidole wa mti wa Brazili, Dalbergia nigra, ambao tangu 1992 uko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini. Kuuvusha mpaka bila kibali ni kukaribisha kukamatwa.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

Mwana Chikongola: Mkuu somo zuri. Mimi ninayo imeandikwa Fender, ni bei gani?

Mwandishi: Hatua ya 2, 3, 6 na 7.

Mwana Chikongola: Ina maana huwezi kukadiria tu?

Mwandishi: Naweza. Kati ya laki mbili na milioni thelathini.

Hela za Mnada: Sijasoma yote, nipo shambani. Nikinunua mpya ya Kichina leo nikaifungia miaka 20 si itakuwa ya zamani pia?

Mwandishi: Itakuwa imezeeka. Mpya inashuka bei siku unapotoka nayo dukani, na za aina hiyo zinatengenezwa nyingi kila siku, hakuna atakayeitafuta. Ukirudi kutoka shambani soma.

Bint Newala: Asante sana kaka kwa muda wako. Napiga besi kwaya ya kanisa. Tunayo moja ya zamani, kichwani haina jina kabisa, kibati cha nyuma kimeandikwa JAPAN tu. Nimefungua kava (nimelegeza nyuzi kwanza!) nikakuta poti hazina tarakimu za 137 wala 304. Naanzia wapi kuijua?

Mwandishi: Dada, umenifurahisha, umefanya kwa utaratibu. Tarakimu hizo ni za watengenezaji wa Marekani, ya Japani kutokuwa nazo ni sawa. Miaka ya 60 na 70 viwanda vya Japani vilikuwa vinaunda gitaa moja na kulibandika jina lolote aliloagiza mwenye duka, na nyingine zilitoka bila jina. Viwanda viwili vya mji wa Matsumoto unapaswa kuvijua: Matsumoku, kilichounda Aria Pro II, na FujiGen, kilichounda Ibanez na Greco na baadaye zile Fender za JV. Linganisha yako na picha za hizo kwa umbo la kichwa, mpangilio wa skrubu za plastiki na namna pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) zilivyofungwa. Kisha pima urefu kutoka kwenye kidaraja cha juu cha nyuzi hadi daraja la chini. Ikiwa karibu sentimita 86.4 ni kipimo kamili, chini ya hapo sana ni ile ya shingo fupi. Kama akiba haitawapa kitu kikubwa. Kama chombo cha kwaya, msiiuze. Nitumie picha, nitakusaidia.

Bint Newala: Nimepima, ni 77. Nitatuma picha kesho kukiwa na mwanga.

Mwandishi: Hiyo ni shingo fupi. Ukinunua nyuzi mwambie muuzaji ni za shingo fupi, usije ukakata ndefu zikafumuka.

Dalali Mwaminifu: Unatuharibia biashara bwana. Siyo kila muuzaji tapeli. Hiyo hatua ya 7 umeiandika kwa uchungu, yalikukuta nini?

Mwandishi: Muuzaji mwaminifu haogopi bisibisi. Swali linalofuata.

Babu wa Dansi: Vijana, nimepita. Niongeze kwenye rangi. Sisi bendi yetu ilipopata sare mpya, kiongozi alipeleka magitaa yote kwa mpaka rangi za magari, yakapigwa duko jekundu yafanane na mashati. Besi, solo, ridhimu, yote. Hakuna aliyewaza kuwa tunapoteza mali. Kwa hiyo mkikuta rangi ya gari, msidhani ni utapeli.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Hilo ni dhahabu kwetu, maana linaeleza kwa nini nyingi za huku zimepakwa. Je, waliondoa rangi ya kwanza au walipaka juu yake?

Babu wa Dansi: Marahaba. Walipiga msasa kidogo tu wakapaka juu. Haraka haraka, Jumamosi tulikuwa na dansi.

Mwandishi: Basi wadau, mkikuta besi ya hivyo msimruhusu mtu kuikwangua. Ya kiwandani huenda bado iko chini, na kuna mafundi wa kuifikia bila kuimaliza. Bei yake ijadilini kama iliyopakwa upya, ikitoka salama ni bahati yenu.

Mjukuu wa Nachingwea: Nje ya mada kidogo. Nyuzi za besi ni ghali, ni kweli mnazichemsha?

Mwandishi: Kweli. Zile zenye mikwaruzo ukipitisha kidole, maji yanayochemka dakika kama kumi, kausha kabisa kabla hazijaota kutu. Zinarudi uhai wiki chache. Zile laini usisumbuke. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown, alitumia hizo laini na hakuwa akibadili zake mpaka ukatike, na watu wanatafuta sauti ile mpaka leo.

Bint Newala: Babu wa Dansi, nyinyi mlikuwa mnapata wapi nyuzi?

Babu wa Dansi: Tulichemsha, mjukuu wangu. Kwenye sufuria ya chai.

Fundi Seremala Lindi: Mkuu, mimi nachonga. Mpingo wetu unafaa kwa ubao wa vidole? Naona mnasifia mti wa Brazili.

Mwandishi: Unafaa. Ni ukoo mmoja, Dalbergia, ndio huohuo unaotengenezewa klarineti na oboe huko Ulaya. Ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo chonga mwembamba, la sivyo kichwa kitakuwa kinaanguka mpigaji akiachia mkono. Hakikisha umekauka sawasawa, vinginevyo utapasuka. Nao uko CITES, Kiambatisho cha Pili tangu 2017, ila vyombo vya muziki vilivyokamilika vya kundi hilo vililegezewa masharti 2019. Tengenezea gitaa jipya. Usije ukabandua ubao wa zamani wa mtu.

Fundi Seremala Lindi: Ninao uliokaa stoo tangu enzi za mzee wangu. Nikimaliza moja nitaleta picha.

Mwana Chikongola: Nimefungua. Poti imeandikwa 1377924. Rangi ya chini ya plastiki ni nyeusi, ya juu ni nyeusi.

Mwandishi: Sasa tunaongea. CTS, 1979, wiki ya 24. Namba yako itakuwa kichwani, siyo kwenye kibati, maana walihamisha mwaka 1976. Kama ni Jazz Bass, hesabu skrubu za nyuma ya shingo, kipindi hicho zilikuwa tatu badala ya nne. Leta picha ya kichwa mbele na nyuma, na ya lehemu kwa karibu.