Kabla watoto hawajaingia: kuandaa siku moja ya darasa la awali

Mwalimu aliyepangiwa darasa la awali kwa mara ya kwanza huanza na andalio la somo, kwa kuwa ndilo mwalimu mkuu na mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) watakaloulizia. Sawa, liandikwe. Ila kinachovuruga siku ya mtoto wa miaka mitano ni kusubiri: mwalimu anatafuta chaki, zamu ya kuhesabu haifiki, uji haujaiva. Ukimwacha akae bure dakika tatu, ya nne ameshamfinya mwenzake. Ndiyo maana maandalizi karibu yote ya darasa hili yanahusu mikono ya watoto kuwa na cha kufanya.

Anza na idadi. Kiwango cha Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, madarasa mengi ya serikali yamevuka hapo, mengine mara mbili na zaidi. Ukiwa na watoto 60, usiote kwamba wote watahesabu vizibo kwa pamoja. Wagawe katika vikundi na uvizungushe kwenye kona za ujifunzaji, wengine wahesabu, wengine wafinyange udongo, wengine wacheze duka. Panga mapema kikundi kipi kitaanzia wapi. Ukiliamulia hilo mbele yao, umeshachelewa.

Zana hazihitaji fedha, zinahitaji siku chache za kuomba. Vizibo vya soda utavipata kwa muuza duka. Vioshe kwa sabuni, vianike, kisha gonga kingo zake kwa jiwe au nyundo mpaka zilale, maana yale meno hukata vidole. Maharage na punje za mahindi siyapendi kwa watoto wadogo hata kama kila mtu anayatumia, kwa sababu huishia puani au sikioni, na asubuhi yako inahamia zahanati. Punje zikae ndani ya chupa ya plastiki iliyofungwa vizuri, ziwe kayamba. Kwa kuhesabu, kokwa za embe zilizokauka zinatosha kabisa. Weka kila aina kwenye boksi lake na uchore picha ubavuni, ili watoto wenyewe wajue pa kurudishia.

Kipindi ni dakika 20 tu. Kwa hiyo pangilia vitu mezani kwa mfuatano wa kuvitumia, na uwe na nyimbo mbili tatu akibani za kujazia pengo. Kuhusu chati za ukutani, wengi wetu tunazitundika juu ili mgeni azione kutoka mlangoni, wakati msomaji wake ana urefu wa meza. Zishushe.

Sehemu inayosahaulika ni maji. Mtoto mmoja akitumia nusu dakika kunawa, watoto 60 kwenye bomba moja wanamaliza nusu saa, na uji umepoa. Tengeneza vibuyu chirizi vitatu. Chukua dumu la lita tano, toboa tundu dogo karibu na mdomo kwa msumari wa moto, lining'inize kwenye mti wa kukingama kwa usawa wa kifua cha mtoto, kisha funga kamba kutoka shingoni mwa dumu hadi kijiti cha kukanyagia chini. Sabuni nayo itobolewe na ifungwe kamba, vinginevyo haimalizi siku. Madumu yajaze maji asubuhi kabla ya kengele, na ukiwa hapohapo kachungulie choo cha wadogo. Uwe pia na vikombe vya akiba, kwani hakosekani aliyesahau chake.

Kwa wazazi, uliza mambo yasiyo kwenye fomu. Nani hasa atakuja kumchukua mtoto? Ana pumu, au kuna chakula kinachomdhuru? Kama nyumbani hawazungumzi Kiswahili, jifunze kwao namna mtoto anavyosema anataka choo, ana kiu, anaumwa. Anayelia mlangoni, mwambie mama yake amuage waziwazi. Kumtoroka mtoto aliyegeuka kidogo kunaonekana rahisi siku ya kwanza, lakini kesho yake hatakubali kuuachia mkono wa mama hata kwa peremende.

Kama umepanga michezo ya nje na ni msimu wa masika, andaa mchezo mwingine unaowezekana ndani ya darasa lenye bati. Usiwe wa kusikiliza hadithi, kwani mvua ikipiga hakuna atakayekusikia. Kupanga vizibo kwa rangi, au kuchora kwa kufuatisha kiganja, kunafaa. Nawe vaa nguo ya kukalia jamvini.