Kabla hujaflashi kulanti chafu kwenye injini ya boti

Kuflashi ni kumwaga kulanti, yaani maji ya dawa ya kupozea injini, na kusuuza njia zake. Hii ni kwa wenye injini za dizeli za ndani, zile zenye hiti eksichenja, kulanti inazunguka kwenye injini na maji ya bahari yanapita pembeni kuipoza. Wenye mashine za kufunga nyuma haiwahusu, zenu kwa kawaida zinapozwa na maji ya bahari moja kwa moja.

Jua kwanza uchafu umetoka wapi. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa na utelezi juu, hiyo ni oili, kaangalie oili kula, kile kifaa cha kupozea oili, na gasketi ya silinda hedi. Ukikuta kulanti inaongezeka yenyewe na kutu imeanza, basi kuna uwezekano mkubwa tubu za hiti eksichenja zimetoboka na maji chumvi yanaingia, na tafadhali usionje kuhakikisha, ile ni sumu. Chomoa na stiki ya oili uangalie, kama nako kuna maji usiwashe injini kabisa. Ukiflashi bila kuziba tundu unamwaga hela tu.

Kofia ya kulanti usifungue injini ikiwa ya moto. Valvu ya maji ya bahari ifunge kabla hujalegeza bomba lolote la mpira la upande huo, kuna boti zimezama zikiwa zimefungwa gatini kwa sababu hiyo. Pampu ya bilji ile ya otomatiki, inayotoa maji ya chini ya boti, izime, la sivyo kulanti ikimwagika chini inaisukuma yote baharini. Andaa madumu yenye vifuniko, maana kulanti ina utamu, watoto na mbwa wanaifuata. Maji ya kisima ya huku pwani mengi yana chumvi, usiyatumie. Suuza na ya bomba, ya mwisho yawe maji ya betri, nasema maji sio asidi. Sabuni ya vyombo inajaza povu injini nzima, nunua dawa ya kusafishia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na uulize kama haili aluminiamu.

Sasa hili ndilo linaloumiza watu: PIMA KILICHOTOKA. Kuna boti moja ya uvuvi hapa kwetu oili kula ilipasuka, wakabadilisha, vizuri kabisa, fundi akafungua bomba la chini ya hiti eksichenja, uchafu ukatoka, akamimina maji mpaka yakatoka meupe, akajaza kulanti mpya ya bei kwelikweli, watu wakashikana mikono. Ila thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto, hakuitoa, na injini ikiwa baridi imejifunga, kwa hiyo maji yalikuwa yanapita njia ya mkato tu. Na ile bolti ya kutolea maji ubavuni mwa bloku hakuigusa, imejificha nyuma ya stata. Wametoka usiku, injini imepata moto, thamostati ikafunguka, ute wote uliokuwa bloku ukaenda kukaa kwenye tubu. Alamu ikalia katikati ya mkondo, wakazima, wakasukumwa na maji mpaka asubuhi boti nyingine ilipowaona. Barafu imeyeyuka, samaki hawafai. Kitabu cha injini kinaandika ujazo, kama kinasema lita 12 na kwenye dumu umepata 7, hizo 5 ziko wapi? Toa thamostati, fungua bolti ya bloku, na isipotoa kitu usifurahi, chokoa na waya, hapo imeziba.

Kuflashi kwenyewe injini lazima ipate moto, kwa hiyo usifanye boti ikiwa imekaa mchangani maji yametoka, impela, ile feni ya pampu ya maji ya bahari, itaungua, na valvu ya maji ya bahari uliyoifunga ifungue kabla ya kuwasha. Rudia mpaka maji yawe safi injini ikiwa ya moto, sio ya baridi. Mipira iliyolowa oili ikavimba badilisha yote, usiipapase ukasema bado nzima. Ukijaza, anza na kulanti nzito, isiyochanganywa na maji, nusu ya ujazo ndiyo umalizie na maji ya betri, kwa sababu kuna maji yamebaki ndani hata ufanyeje. Usichanganye kulanti za rangi tofauti ambazo huzijui, nyingine zinagandana. Toa hewa. Rudisha thamostati, wengine wanaiacha nje eti injini ipoe zaidi.

Siku za mwanzo usiende mbali, jicho kwenye geji, fungua kofia asubuhi kabla ya kuwasha uangalie rangi. Beba maji ya akiba, impela, klipu za mpira, spana zinazoingia kweli. Na nanga yenye kamba ya kutosha, simu yenye chaji, maboya ya kuvaa yawe ya watu wote sio mawili, mwambie mtu umeelekea wapi, na kama upepo wenyewe wa kusi umekaza hivi si usubiri tu kesho…