Tairi la nyuma likisugua fenda: namna ya kulipima gari kuukuu lililolala nyuma kabla ya kununua kipuri

Gari kuukuu likipakiwa madumu kumi ya mawese pale Mwandiga na kushika njia ya kurudi mjini Kigoma, dalili ya kwanza kumfikia dereva huwa ni mkwaruzo mfupi unaotoka nyuma kila gari linapopita juu ya tuta, na baada ya kilomita chache hufuata harufu ya mpira uliopata moto. Tairi linasugua. Wengi wetu hapo huenda moja kwa moja dukani kununua shokapu mpya, na hilo ndilo kosa ambalo mwongozo huu umeandikwa ili kulizuia, kwa kuwa nami nililifanya: niliibadilishia Corolla yangu shokapu zote mbili za nyuma, nikamlipa fundi, na juma lile lile tairi la kulia likaendelea kusugua mahali pale pale.

Fundi mzee wa Ujiji niliyempelekea gari baadaye hakushika spana kwa nusu saa ya kwanza. Alichukua futikamba na timazi ya mwashi, akapima, akaandika kwa chaki sakafuni, kisha akaniambia, “Mwanangu, shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Kazi ya shokapu ni kuituliza isirukeruke.” Shokapu iliyokufa huliacha gari lizidi kudunda baada ya tuta, na kwa hiyo inaweza kuongeza kusugua kwenye njia mbovu, lakini gari lililosimama tupu likiwa limelala nyuma haliwezi kusimamishwa vizuri na shokapu ya kawaida. Hata ile ya gesi huinua kidogo sana. Anayetaka kujua kwa nini gari limeshuka aanze na springi, na kabla ya springi aanze na alama.

Alama ziko kwenye tairi na ndani ya fenda, na mahali zilipo husema mengi kuliko sauti. Mpira ukiwa umechubuka begani upande wa nje, na ukingo wa fenda ukawa umeng'aa kama chuma kilichopigwa msasa, basi ama tairi ni pana kuliko linavyopaswa, ama rimu imelitoa nje, ama bodi imeshuka juu yake. Mstari uliochimbwa kwenye ubavu wa ndani huonyesha kwamba tairi linagusa shokapu, kikombe cha springi au bodi ya ndani, na hapo rimu isiyo ya gari hilo au ekseli iliyohama upande ndiyo ya kushukiwa kwanza. Alama zikiwa juu kabisa ya madigadi, gari linazama kupita kiasi. Zikiwa mbele au nyuma ya fenda wakati juu ni pasafi, gurudumu limesogea kwa urefu wa gari, jambo linaloletwa na bushi (raba za kwenye maungio) zilizokwisha za mikono inayoishika ekseli, au, kwa pikapu zenye springi za vyuma bapa, na kukatika kwa bolti ya katikati inayovifunga vyuma hivyo pamoja. Kama alama ni za zamani na zimechanganyika, safisha matope, paka chaki kwenye bega na ubavu wa tairi, endesha polepole juu ya tuta ukiwa na mzigo wa kawaida, kisha tazama chaki imefutika wapi.

Ukikuta nyuzi au waya za ndani ya tairi zimeanza kuonekana, usiliendeshe tena hata kwa safari fupi. Ubavu wa tairi hautibiki kwa kiraka. Angalia pia bomba la mpira la breki lililo karibu, kwa sababu tairi linalosugua ndani linaweza kulikwaruza nalo.

Kabla ya kupima chochote soma tairi lenyewe, kwa kuwa magari mengi ya zamani yamekwisha kuvalishwa matairi yasiyo yao. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya 175/65R14 (yaani upana wa milimita 175, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana, rimu ya inchi 14) likivishwa 185/70R14, kipenyo cha tairi huongezeka kutoka milimita 583 hadi 615, maana yake juu ya tairi husogea kuelekea fenda kwa karibu milimita 16, na upana huongezeka milimita 5 kila upande. Springi nzima kabisa inaweza kusingiziwa kosa la tairi hilo. Kwenye rimu tafuta herufi ET na nambari inayofuata, ambayo ni umbali kwa milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaofungwa kwenye gari: kwa rimu za upana mmoja, kutoka ET45 kwenda ET35 gurudumu hutoka nje milimita 10. Kipimo halali cha matairi na upepo wake kwa kawaida kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kama kibandiko bado kinasomeka, kiamini kuliko maneno ya muuzaji.

Sasa vipimo. Tafuta sakafu iliyo sawa kweli. Uwanja mwingi wa Kigoma una mteremko ambao jicho halioni, kwa hiyo baada ya kupima geuza gari lielekee ulikotoka kisha upime tena. Toa kila kitu butini, weka upepo sawa kwa matairi ya kulia na kushoto, dereva ashuke. Kama gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, lisukume mbele na nyuma mita chache na kulibonyeza mara kadhaa, kwa maana matairi yakiwa yamekamata sakafu huizuia bodi kushuka mahali pake. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa fenda. Usipime kutoka chini, kwa sababu hapo utakuwa umepima pia tairi lililoisha na upepo uliopungua. Tofauti ya milimita chache kati ya kulia na kushoto isikutie hofu kwa gari lenye umri. Ikipita sentimita moja na nusu ina sababu, na sababu hiyo itafutwe. Kwangu kulia palisoma milimita 338 na kushoto 361.

Pande zote mbili zikiwa sawa lakini chini, utahitaji kipimo cha kulinganisha. Kwa Corolla, Probox au Noah si vigumu mjini hapa kumwomba jirani mwenye gari la aina ile ile, lililo na springi zake za kiwandani na lisilobebeshwa mizigo, akuruhusu kulipima.

Kona moja ya nyuma ikiwa chini, kuna mtego. Gari lina miguu minne kama meza, na mguu mfupi wa mbele kushoto unaweza kuifanya kona ya nyuma kushoto ionekane imebeba zaidi. Weka kabari kwenye matairi ya nyuma, kisha inua mbele kwa jeki katikati kabisa, kwenye mhimili wa chini ulio imara, mpaka matairi ya mbele yaachane kidogo na sakafu, na upime nyuma bila kuingia chini ya gari. Nyuma ikisawazika, ugonjwa uko mbele. Ikibaki imelala vile vile, springi ya nyuma au kitako chake ndicho chenye kasoro.

Timazi huja baada ya hapo. Ining'inize kwenye ukingo wa fenda, usawa wa katikati ya gurudumu, na upime nafasi kati ya uzi na ubavu wa tairi, kulia kisha kushoto. Kushoto kukiwa milimita 18 na kulia 30, ekseli imehama nusu ya tofauti hiyo, yaani milimita 6 kuelekea kushoto. Kwa gari lenye ekseli ya moja kwa moja na fimbo inayokingama kuishika isiende kando, tazama bushi za fimbo hiyo. Kwa gari lenye springi za vyuma bapa, tazama bushi za kwenye macho ya springi, yaani matundu ya ncha zake. Bodi iliyowahi kugongwa na kunyooshwa nayo hutoa tofauti kama hiyo, na hakuna springi itakayoirekebisha.

Kuingia chini ya gari ni kazi ya stendi za chuma kwenye ardhi ngumu. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ya kuchoma, ambayo nimeona yakitumiwa mara nyingi, hupasuka bila kutoa onyo.

Ukiwa chini, safisha kwanza. Springi ya kuzunguka hupenda kukatikia kwenye mzunguko wa chini kabisa, ndani ya kikombe kinachohifadhi matope, na kipande kilichokatika kinaweza kukaa pale pale na kuonekana kizima kwa asiyekivuta. Yangu ilikuwa hivyo. Tuliposimamisha springi zote mbili sakafuni bega kwa bega, ya kulia ilikuwa imepungukiwa karibu nusu ya mzunguko, na uso wa mvunjiko ulikuwa umeshika kutu nzito, yaani ilikatika zamani, kabla ya zile shokapu kufungwa. Kwa kuwa kwenye Corolla ile springi imevaa juu ya shokapu, aliyebadilisha shokapu aliishika mkononi na kuirudisha bila kusema neno. Hilo liliniuma kuliko gharama yenyewe, na tangu siku hiyo huomba vipuri vilivyotolewa viwekwe mbele yangu kabla ya kufunga vipya.

Tazama pia raba inayozuia bodi isigonge chini, kwani ikimomonyoka gari huzama sentimita kadhaa zaidi kwenye tuta. Tazama mafuta yaliyovuja kwenye shokapu. Na tikisa gurudumu lililo juu ili kujua kama beringi imelegea. Kisha nenda butini, funua zulia na ukague bati pale shokapu inapofungiwa juu. Hapa kwetu ninasisitiza jambo hili kwa wanaobeba chumvi ya Uvinza au migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, iliyotiwa chumvi: maji ya chumvi hupenya chini ya zulia na kula bati polepole, na bati likiachia, kona nzima ya gari hushuka.

Mzigo nao una hesabu yake. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa takriban kilo 18, kwa hiyo madumu 10 ni kilo 180, sawa na watu wazima watatu waliokaa butini, nyuma ya ekseli, ambako uzito huishusha nyuma na wakati huo huo kuinyanyua mbele. Madumu hayo hayo yakisogezwa hadi nyuma ya migongo ya viti, kusugua kunaweza kupungua kabla hujagusa bolti. Springi iliyobebeshwa hivyo kwa miaka hulegea hata isipokatika, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya gari kulala pande zote mbili.

Katika matengenezo, springi hubadilishwa kwa jozi. Ukinunua zilizotumika, zisimamishe pamoja, ulinganishe urefu, unene wa chuma na idadi ya mizunguko, na uzikatae zilizochimbika kwa kutu. Springi iliyo juu ya shokapu isifunguliwe bila vibanio vyake maalumu, kwani nguvu iliyobanwa mle huweza kuua. Kamba na waya si vibanio. Sikubaliani kabisa na kuchoma springi kwa moto ili kuivuta, kwa sababu moto huondoa ugumu wa chuma, wala na kupachika vipande vya mpira kati ya mizunguko, kwa kuwa mizunguko iliyobaki huchukua kazi yote na kukatika mapema. Kukunja ukingo wa fenda kwa nyundo kunaondoa sauti na kuacha ugonjwa, tena rangi ikipasuka kutu huanza.

Jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau ni bushi. Bolti zake zishikizwe tu gari likiwa juu, na zikazwe mwisho wakati uzito wote umekalia matairi. Bushi iliyokazwa gari likining'inia hujipinda mara gari linaposhushwa, hulishikilia kwa kimo cha uongo, na huchanika kabla ya wakati wake. Baada ya hapo peleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu.

Springi mpya hujikalia kidogo katika siku za mwanzo, hivyo vipimo vya siku ya kufunga si vya mwisho. Rudia baada ya wiki mbili, kwenye sakafu ile ile, na uandike mahali pasipopotea. Vyangu nimeviandika kwa rangi nyeupe chini ya zulia la buti: kulia 359, kushoto 361, gari tupu, mafuta nusu tangi.