Kupima joto la asubuhi ukihisi una shida ya tezi ya shingo, bila kujidanganya

Nimeandika hii baada ya kumuelekeza shemeji yangu, anauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, alikuwa anavaa sweta saa saba mchana Mwanza hii hii, choo kigumu, uchovu usioisha, akaambiwa pima joto utajua tezi. Ni kweli nusu. Tezi ya shingo ndo inaamua mwili uchome chakula kwa kasi gani, ikizembea unasikia baridi. Daktari Broda Barnes wa Marekani aliandika kuhusu kipimo hiki 1942, kwake joto la kwapa asubuhi linatakiwa 36.6 hadi 36.8. Madaktari wengi hawakubali joto peke yake litaje ugonjwa, na mimi niko upande wao, ila kama kitu cha kukusukuma ukapime damu, sawa.

1. Kipimajoto. Chukua cha kidijitali cha kwapani. Ile bunduki ya kwenye paji la uso achana nayo kabisa, inasoma ngozi, na ngozi iliyopigwa na feni usiku kucha haikwambii kitu.

2. Kupima. Hapa ndo watu wanaharibu. Kiweke karibu na mto usiku, ukishtuka tu kiweke kwapani, usiende chooni, usikae kitako, usianze kujibu meseji. Kwapa liwe kavu, mkono ubane, ukae dakika kumi hata kikilia mapema (kile kinachojizima kiwashe tena bila kukitoa). Ukiwa na malaria au homa yoyote, umemeza panadol, umekunywa pombe jana, au mtoto kakuamsha mara tatu, siku hiyo usiihesabu.

Kwa mwanamke kuna lingine, yai likishapevuka joto linapanda kidogo mpaka karibu na hedhi, kwa hiyo anza siku ya pili ya hedhi na uendelee siku tatu nne. Sasa kwa watu wa ziwani kama shemeji kuna mtihani mwingine, usiku yuko mwaloni anasubiri mitumbwi, analala asubuhi anaamka saa nane mchana, na mchana joto la mwili huwa juu kuliko alfajiri hata kwa aliyelala. Ukichanganya namba za kulala mchana na za kulala usiku unapata uji. Mimi nilimwambia asubiri mbalamwezi, mwezi ukiangaza taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika na yeye analala usiku kama sisi, apime siku hizo. Hedhi isipoangukia hapo basi aandike pembeni ni siku ya ngapi ya mzunguko.

3. Andika kwenye daftari. App sizipendi, zinakuchorea grafu nzuri ya namba mbovu.

4. Kusoma. Zikiwa chini ya 36.4 kila siku na una dalili, nenda hospitali. Zikiwa chini na huna dalili yoyote, endelea na maisha, kuna watu ndo walivyo. Chini ya 35 na mtu anasinzia au anaongea hovyo, usipime tena, mkimbize.

5. Damu. Omba TSH (homoni ya ubongo inayoamrisha tezi ya shingo), na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe). Kuhusu tezi za juu ya figo (adreno), joto halikwambii mengi, na ule "uchovu wa adreno" wanaouzia watu dawa mitandaoni wataalamu wa homoni hawautambui. Ugonjwa halisi wa tezi hizo upo na una sura yake, unakonda, ukisimama kizunguzungu, unatamani chumvi, fizi na mistari ya viganja inakuwa myeusi, na TB ni moja ya vyanzo vyake. Huo unapimwa kwa kotiso (homoni ya tezi hizo) ya asubuhi, kama saa mbili, na kama unafanya kazi usiku mwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Ndo maana usijinunulie vidonge vya tezi dukani, kama tezi za juu ya figo ndo zinaumwa kweli vinaweza kukuangusha vibaya.

Na vile vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini), acha angalau siku mbili kabla ya kipimo, vinavuruga majibu ya TSH.