SOMO: Maji ya kufuata nyati kwa miguu, siku tatu

Kila Julai msimu wa uwindaji ukifunguliwa, maswali ni yale yale. Naandika mara moja. Hesabu ni ya pori la akiba la Rungwa mwezi Oktoba, watu wanne: mwindaji, mfuata nyayo, askari wa wanyamapori na mpagazi.

1. Kunywa lita 6 kwa mtu kwa siku, kupika na kunawa 2. Watu 4 × lita 8 × siku 3 = lita 96. Madumu 5 ya lita 20, na la 6 la akiba lisiloguswa mpaka siku ya kurudi.

2. Madumu yawe yaliyobeba mafuta ya kula. La dizeli halitakati, achana nalo.

3. Kila mtu lita 3 mgongoni, chupa mbili za lita moja na nusu. Moja ikipasuka unabaki na nyingine.

4. Kutibu maji ya dimbwi. Hapa niliharibu, someni polepole. Klorini huishia kwenye tope na mavi ya nyati kabla haijawafikia vijidudu. Ukitupia kidonge kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, umepata harufu ya dawa tu. Koroga shabu (alum, ya kutuliza tope) kidogo, acha dumu litulie usiku kucha, asubuhi mimina maji ya juu taratibu kupitia kanga iliyokunjwa mara nne. Ndipo utie kidonge, usubiri nusu saa. Yakibaki na ukungu, chemsha; yakitokota kwelikweli dakika moja yatosha.
ONYO: soma pakiti, vidonge havilingani, kila kimoja kina lita zake.
ONYO: baada ya kutia dawa legeza kifuniko, inamisha dumu maji yachuruzike kwenye nyuzi za mdomo. Tope la pale likibaki, kazi yote bure.

5. Mto mkavu wa mchanga kama Kizigo: chimba, maji ya kwanza mwaga, yanayojaa tena teka. Bado yatibiwe.

6. Kunywa kidogo kidogo tangu alfajiri. Mkojo ukiwa chai ya rangi, umechelewa.

MASWALI

– Mkuu, watu wanne lita ngapi?
Hatua ya 1.

– Mbona wazee walikunywa dimbwi hivyo hivyo?
Na wakaharisha hivyo hivyo. Kitu kingine?

– Nakunywa maji mengi lakini kichwa kinauma na misuli inakaza. Kwa nini?
Swali zuri. Jasho hutoka na chumvi. Maji matupu mengi yanaizimua iliyobaki mwilini. Saa za jua kali changanya pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja kamili, usiikisie kwenye chupa ya moja na nusu. Huna? Lita moja, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Na karanga za chumvi mfukoni.

– Nyama tuoshe kwa maji yapi?
Msioshe. Nyama iliyolowa huoza upesi, na maji husambaza uchafu wa matumbo. Kata palipochafuka, futa kwa kitambaa kikavu, ning'iniza kivulini penye upepo.

– Chandarua kinazuia nzi?
Kinazuia, kisigusane na nyama. Na chupa yako ivishe soksi iliyolowa uitundike hapo hapo kwenye upepo, mchana utakunywa maji ya baridi.